Eosinofili asilimia 41 na choo hakina minyoo: je, moyo wa mdogo wangu uko hatarini?

Swali: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 34, ni fundi seremala hapa Mwanza. Huu mwezi wa tano sasa anawashwa mwili mzima, usiku anakohoa kikohozi kikavu, na amepungua. Kipimo cha damu cha FBP kilionyesha chembe nyeupe 16.0, na kati yake aina iitwayo eosinofili ni asilimia 41. Tuliambiwa ni minyoo. Amemeza albendazoli mara tatu, choo kimepimwa mara mbili, hakikuonekana kitu. Zahanati moja ikampa prednisoloni ya siku tano, akapona kabisa, lakini hazikupita wiki mbili dalili zikarudi. FBP ya pili imetoka vilevile. Nimesoma kwamba kuna ugonjwa unaitwa sindromu ya haipaeosinofilia, na kwamba unaua moyo. Ni kweli? Vile vidonge vya prednisoloni vimebaki kidogo, aendelee navyo? Na watoto wake wawili wanaweza kuurithi?

Marahaba, dada. Pole kwa kuuguza.

Nianze na vidonge, kwa sababu hilo ni la leo. Asivimeze. Kweli alipata nafuu, na prednisoloni huenda ndiyo itakayokuja kumtibu, lakini kuna mnyoo mmoja ambao lazima tumalizane nao kwanza. Unaitwa strongiloidi. Huingia kwa ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo, hukaa kwenye utumbo, na tofauti na minyoo mingine mingi huweza kuzaliana humohumo mwilini bila mtu kukanyaga udongo tena. Wanajeshi waliokuwa mateka huko Asia Kusini Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Pili walikutwa bado wanao zaidi ya miaka 40 baada ya kurudi kwao. Kinga ya mwili ndiyo inayoushikilia. Ukimpa mwenye mnyoo huu prednisoloni, kinga inalegea, viluwiluwi vyake vinatoboa utumbo na kusambaa mpaka mapafuni, vikibeba bakteria wa tumboni kuwaingiza kwenye damu. Watu hufa kwa hilo. Tena wakati huo eosinofili huweza kushuka, ukadhani mgonjwa anapona.

Choo cha kawaida kinachoangaliwa kwa darubini mara moja au mbili huukosa mara nyingi sana, na albendazoli ya kumeza mara moja haiutoshi. Dawa yake ni ivamektini, inayotolewa kwa kilo za mgonjwa. Kwa hiyo mtu wa huku kwetu mwenye eosinofili nyingi hupewa ivamektini kabla ya prednisoloni, au siku ileile kama hali ni ya dharura, hata kama choo ni safi. Ila kabla ya kumpa muulizeni kama amewahi kuishi kwenye misitu ya Kongo. Kule kuna mnyoo wa jicho, loa loa, na mtu mwenye wadudu wake wengi kwenye damu akimeza ivamektini anaweza kupata madhara makubwa ya ubongo. Kama amewahi kuishi huko, apimwe damu kwanza, nayo ichukuliwe mchana, maana ndipo wadudu hao wanapoonekana.

Sasa tuisome karatasi, maana hapa watu wengi hupotea. Asilimia peke yake haisemi kitu. Mtu mwenye chembe nyeupe 4.0 (karatasi huhesabu kwa maelfu) na eosinofili asilimia 8 ana eosinofili 320 tu katika mikrolita moja ya damu, na huyo ni mzima. Mikrolita ni tone lenye milimita moja kila upande. Kwa mdogo wako, chukua 16.0 uzidishe kwa 41, ugawe kwa 100: unapata 6.56, yaani eosinofili 6,560. Kawaida haizidi 500. Kuanzia 1,500 tunaita haipaeosinofilia, na hapo daktari hana ruhusa ya kusema "ni aleji tu" akafunga faili. Ndugu yako amevuka mstari huo mara nne na zaidi, na amevuka kwenye vipimo viwili tofauti.

Eosinofili ni askari halali wa mwili. Paul Ehrlich, Mjerumani, aliieleza mwaka 1879 baada ya kupaka damu rangi iitwayo eosini. Ukiiangalia kwenye darubini huwezi kuisahau: kiini chake kimegawanyika viwili kama vioo vya miwani, na tumbo lake limejaa punje za rangi ya chungwa iliyoiva, zimebanana kama mtama kwenye kibaba. Punje hizo ni protini zenye sumu. Kazi yake ni kumwagwa juu ya mnyoo, kiumbe kikubwa kiasi kwamba chembe nyingine haziwezi kukimeza. Tena katika damu eosinofili inapita tu, ni saa chache. Makazi yake ni kwenye nyama za mwili, hasa utumbo. Kwa hiyo hizo 6,560 ni zile zilizokutwa njiani. Zilizokwisha kufika, na zimefikia wapi, FBP haionyeshi. Na mwili ukishajaa askari wasio na adui, sumu ile humwagika juu ya viungo vya mwenyewe.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, nayo hayafuatani, yanakwenda pamoja. Kwa nini zimeongezeka? Na zimekwisha kugusa kiungo gani? Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuhangaika na la kwanza miezi na miezi huku la pili halijaulizwa hata siku moja.

Kwa nini zimeongezeka. Mwanza iko kando ya Ziwa Victoria, na kichocho cha tumbo ni cha kwenu. Albendazoli haikigusi kabisa; kinatibiwa kwa prazikwanteli. Mayai yake yanaweza yasionekane chooni, hivyo omba pia kile kipimo cha mkojo cha CCA. Na akishatibiwa msikimbilie kurudia FBP wiki ileile, kwa sababu minyoo inapokufa eosinofili huweza kupanda kwa muda kabla ya kushuka. Daktari amuulize pia dawa zote alizotumia, zikiwemo septrini, dawa za kifafa na za gauti, maana baadhi huamsha mzio mkali unaopandisha chembe hizi pamoja na kuumiza ini. Vumbi la mbao linaweza kuleta pumu, na pumu hupandisha eosinofili, lakini kwa kawaida haifiki 6,560. Kipimo cha VVU kifanyike. Ziko pia saratani za tezi ambazo hujitokeza hivi.

Hayo yote yakiondolewa, na eosinofili zikabaki juu huku kiungo kikiumia, ndipo tunataja hilo jina ulilolisoma. Lilianza kutumika mwaka 1968, na mwaka 1975 Chusid na wenzake Marekani wakaeleza wagonjwa 14 na kuweka masharti: eosinofili zaidi ya 1,500 kwa miezi sita, sababu haijulikani, na viungo vimeumia. Ile miezi sita ilikuwa ya wakati ambapo hakukuwa na cha kufanya zaidi ya kungoja. Siku hizi vipimo viwili vilivyopishana mwezi au hata wiki mbili vinatosha, na kama kiungo tayari kinaumia hatungoji kabisa. Mkiambiwa "mrudi baada ya miezi sita tuone", msikubali.

Viungo vyenyewe basi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukihusisha wagonjwa 188 ulikuta ngozi imeguswa kwa asilimia 69 yao, mapafu asilimia 44, na tumbo na utumbo asilimia 38. Muwasho na kikohozi cha ndugu yako viko humo. Mishipa ya fahamu huweza kufa ganzi, miguu kwanza. Ngozi inatesa, lakini haiui. Moyo ulikuwa umeguswa kwa karibu mmoja kati ya watano, na ndio ulioupa ugonjwa huu sifa mbaya, kwa hiyo nakaa hapo kidogo.

Uharibifu wa moyo huenda kwa hatua tatu. Kwanza eosinofili hupenya utando wa ndani wa moyo na kumwaga punje zake, seli za misuli zikafa. Mgonjwa hajisikii lolote. Anapanda ngazi, anapiga randa, analala. Hata eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, inaweza kutoka safi wakati huu. Dalili pekee huwa ni troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia, iliyopanda kwenye damu, au MRI ya moyo pale inapopatikana. Hatua ya pili, damu huganda juu ya vidonda hivyo, hasa kwenye ncha ya chini ya moyo. Kipande kikimeguka kinakwenda inakokwenda damu, na ubongo uko njiani. Nilimpokea mgonjwa mmoja, kijana, upande wa kulia haufanyi kazi. Mkewe alitoa kwenye mkoba karatasi za FBP za miezi minane, zimekunjwa vizuri kabisa. Kila moja ilikuwa na eosinofili zaidi ya 3,000, na hakuna hata moja iliyofuatiwa na kipimo cha moyo. Chini ya kucha zake kulikuwa na vistari vyembamba vyekundu, kama vibanzi vya mti vilivyoingia, ambavyo ni damu iliyovuja kwenye mishipa midogo iliyozibwa. Kwa seremala vistari hivyo mtu anaweza kuvidhania kuwa ni vibanzi kweli, kwa hiyo mshike mdogo wako mikono, uiangalie kwenye mwanga wa jua.

Hatua ya tatu ni kovu. Ukuta wa ndani unakuwa mweupe, mnene na mgumu. Kwenye eko, ncha ya moyo iliyopaswa kuchongoka na kuminya inaonekana imejaa na haisogei, kama kitako cha kibuyu kilichogandiwa na uji. Nyuzi zinazoshika vali, yaani milango ya moyo, zinanaswa humo, vali hazifungi, damu inarudi nyuma. Miguu inavimba, tumbo linajaa maji. Kovu hilo halina dawa ya kuliyeyusha. Kilichobaki ni upasuaji wa kulibandua na kubadilisha vali, kwa wachache wanaoufikia.

Hayo Wilhelm Löffler aliyaandika Uswisi mwaka 1936. Lakini picha ileile iliandikwa pia hapa jirani. Mwaka 1948 Jack Davies, mtaalamu wa maiti na magonjwa pale Mulago, Kampala, alieleza mioyo ya Waganda na wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi iliyokuwa na kovu hilohilo jeupe kwenye ncha. Ugonjwa huo, tunaouita EMF, ukaonekana pia Msumbiji, Nigeria, Brazili na Kerala kule India. Wengine wakashuku minyoo na eosinofili, wengine mihogo, wengine madini ya udongo. Shida ni kwamba mgonjwa anapofika hospitali kovu limekwisha kukomaa, na mara nyingi eosinofili zake ziko kawaida. Kama ziliwahi kuwapo, zilikwisha kuondoka. Mpaka leo mjadala haujafungwa, na mimi nasikitika kwamba ugonjwa wa watu maskini wa vijijini umepata fedha chache za utafiti kuliko ule unaofanana nao wa Ulaya.

Kazi moja ninayoithamini sana ni ya Ana Olga Mocumbi na wenzake wa Msumbiji. Walibeba mashine ya eko mpaka Inharrime, wilaya ya pwani, wakapima watu 1,063 waliochaguliwa kwa bahati nasibu majumbani mwao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: asilimia 19.8 walikuwa na EMF, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa na dalili yoyote. Mtu mmoja kati ya watano, na wengi wao wanakwenda shamba, wanarudi, hawajui. Ndiyo maana ukiniuliza kama mdogo wako anahitaji eko ilhali hana maumivu ya kifua, nasema ndiyo, wiki hii, pamoja na troponini na ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Sasa habari njema, maana zipo. Ripoti za zamani zilisema ni asilimia 12 tu waliokuwa hai baada ya miaka mitatu. Hesabu hizo zimekwisha wakati wake: kufikia mwaka 1989 madaktari wa Ufaransa waliripoti asilimia 80 wako hai baada ya miaka mitano, na dawa nzuri zaidi zilikuwa bado hazijaja.

Iliyobadilisha mambo kuliko zote ni imatinibu. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya damu aina ya CML. Madaktari wakaijaribu kwa wagonjwa wa eosinofili bila kujua kwa nini ingefaa, na kwa baadhi yao chembe zikashuka ndani ya siku chache. Watafiti wakarudi nyuma kutafuta dawa ile imeshika nini. Mwaka 2003 wakalipata: kipande cha kromosomu ya 4, chenye herufi kama 800,000, kimekatika na kupotea, na jeni mbili zilizokuwa mbalimbali, FIP1L1 na PDGFRA, zimeungana. Muungano huo unatoa kimeng'enya kisichozimika, kinachoamuru eosinofili zizaliwe usiku na mchana. Wagonjwa 11 walipewa dawa, 9 wakapata nafuu iliyodumu zaidi ya miezi mitatu. Wenye muungano huu karibu wote ni wanaume, moyo wao huguswa zaidi, na prednisoloni kwa kawaida haiwasaidii. Miligramu 100 kwa siku, robo ya dozi ya kawaida ya CML, mara nyingi inatosha. Kama troponini iko juu, siku za mwanzo huwekewa prednisoloni pembeni, kwa sababu eosinofili zinapokufa kwa wingi ndani ya moyo zinaweza kuuangusha ghafla.

Mdogo wako alijibu prednisoloni haraka, na hilo linanipeleka upande mwingine, ama minyoo, ama mzio, ama aina ambayo limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, zimepotoka na zinamwaga kemikali iitwayo IL-5, chakula cha eosinofili. Lakini huo si ushahidi wa kufunga kesi. Kuna kipimo cha bei ya kawaida kinachotoa fununu: vitamini B12. Ikitoka juu mno kwa mtu asiyemeza vidonge wala kuchomwa sindano zake, ninaanza kufikiria uboho na ile jeni iliyoungana. Wengu likiwa limevimba, vilevile. Jeni yenyewe hupimwa kwa damu ya mkononi. Maabara nyingi zetu hazina kipimo hicho, sampuli husafirishwa, kwa hiyo ulizeni mapema gharama na siku.

Kwa wasio na jeni hiyo, prednisoloni hubaki mlango wa kwanza, kisha dozi inashushwa polepole mpaka pale chini kabisa inapozuia ugonjwa. Sukari, presha na mifupa vifuatiliwe, na akiitumia kwa wiki nyingi asiiache ghafla hata siku moja. Dawa nyingine, haidroksiyurea, huongezwa pale dozi ya prednisoloni inapokataa kushuka. Kwa wenzetu wenye uwezo kuna mepolizumabu, sindano inayokamata ile IL-5 kabla haijazifikia eosinofili. Katika jaribio la wagonjwa 108, kati ya waliopata sindano hiyo kila wiki nne, walioona ugonjwa ukiamka ndani ya wiki 32 walikuwa asilimia 28, dhidi ya 56 kwa waliopata sindano tupu. Marekani iliiidhinisha mwaka 2020. Bei yake bado si ya seremala, wala si ya daktari wake. Siitaji ili kukutamanisha. Naitaja kwa sababu ikiwa siku moja atakuwa mtu anayeihitaji, daktari wake ana pa kuanzia kuandika maombi.

Watoto. Ule muungano wa jeni hutokea ndani ya uboho wa mtu mzima, hazaliwi nao, na hampi mtoto. Familia chache mno duniani zimewahi kuonekana na eosinofili nyingi za kurithi. Lakini kama wanaoga ziwani na baba yao, wapimwe kichocho. Hilo lina uwezekano mkubwa kuliko urithi wowote.

Muende hospitali ya Bugando na barua ya rufaa kwa daktari wa damu au wa magonjwa ya ndani. Bebeni FBP zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, pamoja na ile pakiti ya prednisoloni ili waone dozi aliyopewa. Hapo waombeni eko, ECG, troponini, B12, ini na figo, eksirei ya kifua, mkojo wa CCA, VVU, na damu ipakwe kwenye kioo iangaliwe kwa macho ya mtu, si mashine peke yake. Ivamektini na prazikwanteli zipangwe humohumo, na FBP irudiwe baada ya mwezi. Lakini mdomo ukipinda, mkono ukilegea, pumzi ikikata anapolala chali, au miguu ikaanza kuvimba, usingoje barua wala asubuhi. Mpeleke dharura, na neno la kwanza utakalomwambia daktari wa zamu liwe hesabu ile: eosinofili zake ni 6,560.